Niliwapa Wenye Bunduki Kesi ya Watoto Wangu

Mwaka 2012 nilimshitaki baba wa watoto wangu kwa watu wenye silaha. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikwenda kwa miguu yangu, nikaketi mbele ya kamanda wao, nikamweleza kwamba mwanaume yule ana watoto wanne na hatoi hata faranga moja, kisha nikawaelekeza mahali ambapo wangeweza kumkamata. Walimkamata, wakampiga. Pesa walizomtoza hazikuwafikia watoto, na watoto wenyewe wanalilipia jambo lile hadi leo. Ninaandika haya kwa sababu wanawake waliotelekezwa kama nilivyotelekezwa hunijia kuniuliza wapeleke wapi mashitaka yao, na baadhi yao wamekwisha kuitazama njia ileile. Siwezi kuwashauri huku nikificha nilikopita.

Deni lenyewe lilikuwa la kweli, na sitaki mtu asome maungamo haya akadhani ninalifuta. Tulioana upande wa Nyabiondo, katika milima ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Ukoo wake ulileta mahari, mchungaji akatubariki, wazee wakanywa kasiksi, pombe ya ndizi, na machoni pa watu wote nikawa mke. Hakuna aliyetupeleka kwenye ofisi ya eta sivili, inayoandikisha ndoa na vizazi. Kwetu ndoa ilitimia siku wazee walipopokea mifugo, na karatasi tuliziona kuwa shughuli ya watu wa Goma. Watoto walipozaliwa tuliwabatiza, hatukuwaandikisha.

Miaka ile wanaume wa Masisi walikuwa wakishuka Walikale, teritwari jirani, kwa makundi. Kasiterite, madini yanayotoa bati, ilikuwa imegunduliwa Bisie mwaka 2002, na habari zake zilipanda hadi kwetu haraka kuliko habari za vita. Mtu alipita Kashebere na Kibua, akafika Walikale-centre, akaendelea hadi Njingala, na kutoka hapo akaingia msituni kwa miguu. Wabebaji walitoka Bisie na mifuko ya kilo 50 mgongoni, na ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami pale Kilambo ili kupeleka madini Goma. Baba watoto alianza kwa kubeba, akachimba, mwishowe akawa negosiani mdogo anayenunua kidogokidogo na kuwauzia wakubwa. Pesa alizituma kwa wafanyabiashara waliopandisha mafuta ya mawese Masisi na kushuka na maharagwe na fromaji, yaani jibini. Halafu akachukua mwanamke mwingine huko Mubi. Pesa zikapungua, maneno yakazidi, tukaachana.

Wazee wa pande zote mbili walikaa. Kwa desturi yetu mtoto ambaye mama yake alitolewa mahari ni wa ukoo wa baba, lakini wangu walikuwa bado wadogo. Wazee wakakata kwamba wabaki nami, naye atoe matunzo: chakula, nguo, dawa, na primu ya shule. Msomaji aliye mbali na Kongo aelewe uzito wa hiyo primu. Katiba ya mwaka 2006 ilisema shule ya msingi ya serikali ni bure, lakini ahadi hiyo ilianza kutekelezwa Septemba 2019. Kabla ya hapo ni wazazi waliowalipa walimu, na mtoto asiyelipiwa alitolewa darasani mbele ya wenzake. Wangu walitolewa mara nyingi. Binti yangu wa kwanza alifikia hatua ya kukataa kwenda kabisa, kwa kuwa aibu ya kurudishwa ilimuuma kuliko kukaa nyumbani.

Hapo ndipo ninapoliona kosa langu la kwanza, miaka miwili kabla ya lile kubwa. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wote wa madini Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Baba watoto akatuma neno kwamba machimbo yamefungwa, hana kitu. Sikumwamini. Nilisema ni hila za mwanaume mwenye nyumba mbili. Machi 2011 marufuku ilipoondolewa nilingoja pesa, naye akaleta habari nyingine: wanunuzi wamekimbia, bei imeanguka. Hilo pia nililiita uongo. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba Julai 2010 Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya Dodd-Frank, yenye kifungu kinachozitaka kampuni kueleza kama madini yao yanatoka kwetu, na kwamba tangu Aprili 2011 viwanda vingi vya kuyeyusha bati viliacha kununua mzigo usio na alama ya chanzo chake. Sheria iliyotiwa sahihi Washington ilifika hadi kwenye daftari la mwanangu, nami sikuwa na njia ya kujua.

Hata hivyo hakuwa mtu safi. Katika miezi hiyohiyo aliyosema hana kitu, aliezeka nyumba ya mbao kwa mabati mapya kule Mubi. Kulikuwa na kutoweza, na kulikuwa na kukataa, na vyote viwili viliishi ndani ya mtu mmoja. Ningekuwa na subira ningedai kile alichoweza: debe la mawese kila mwezi, primu ya mtoto mmoja badala ya wanne, shamba la ukoo wake nililime mimi. Nilidai yote, kwa kiwango kilekile cha miaka ya neema, na kila alipopungukiwa nilimhesabu kuwa adui.

Nikawa mwanamke wa makesi. Jina hilo nilipewa kijijini, na sikulipinga. Nilianza kwa chefu wa kijiji, nikapanda kwa chefu wa groupement, yaani kundi la vijiji, nikaenda polisi. Kila meza ilikuwa na malipo yake: pesa ya karatasi, pesa ya kalamu, pesa ya mafuta ya pikipiki ya kupeleka wito. Nilikuwa nauza maharagwe ili nipate pesa ya kudai pesa ya maharagwe. Baba watoto alipopanda Masisi kwa msiba wa mjomba wake, nilimkamatisha palepale kwenye msiba. Alilala kasho, yaani selo ya polisi, siku nyingi kuliko saa 48 ambazo Katiba inawaruhusu polisi kumshikilia mtu. Ndugu zake waliuza mbuzi, wakalipa, akatoka. Alitia sahihi karatasi ya kuahidi, na pesa ya mbuzi ikabaki pale alipokuwa amefungwa. Siku ile alipotoka alinitazama akasema, “Mama watoto, sasa umenifunga mbele ya maiti ya mjomba.” Nikamjibu kwamba watoto wake nao ni maiti wanaotembea. Nilijivunia jibu hilo kwa muda mrefu. Leo najua kwamba mwanangu wa pili alikuwa amesimama nyuma yangu, na alilisikia.

Kisha ukaja mwaka 2012. Wanajeshi walioasi walianzisha M23, jeshi la serikali likavutwa upande wa Rutshuru kwenda kupambana nao, na vijiji vingi vya Masisi na Walikale vikabaki mikononi mwa makundi ya silaha. Polisi waliondoka kwetu. Aliyebaki na amri ni mwenye bunduki, na watu wakaanza kumpelekea yale waliyokuwa wakiyapeleka kwa chefu: madeni, ugoni, mipaka ya mashamba, uchawi. Kundi nililokwenda kwake sitalitaja, maana yaliyotendeka hayakuwa ya kundi moja tu. Watu walisifu wepesi wao. Hapakuwa na wito wa tatu wala wa nne. Ukisema asubuhi, mtu analetwa jioni.

Wepesi huo ndio ulionivuta, na nikiri kwamba haukunivuta kwa ajili ya watoto peke yao. Watoto walihitaji chakula na shule. Mimi nilihitaji kumwona mwanaume yule akiogopa. Nilikuwa nimeachwa kwa ajili ya mwanamke wa Mubi, nilikuwa nimechekwa sokoni, nilikuwa nimesimama mbele ya meza nyingi nikiitwa mwongo, na nilitaka yeye naye asimame mbele ya mtu asiyeweza kumjibu. Njaa ya watoto niliitanguliza mbele, na nyuma yake nilificha hasira yangu. Kamanda hakuuliza mengi. Alipokea mbuzi wa kufungua kesi, akauliza anapita njia gani.

Walimkamata karibu na Kibua akipanda na mzigo wa mawese. Walimtia ndani ya handaki, shimo walilolichimba kuwa gereza lao, wakamlaza humo, na asubuhi wakamchapa. Mawese yakawa yao, simu ikawa yao, na ndugu zake wakaamriwa kuleta amandi, yaani faini, ya mbuzi na pesa. Walipomaliza waliniita, wakaniambia kesi imekwisha na nirudi nyumbani kwa amani. Nikauliza fungu la watoto. Kamanda akasema amandi ni ya waliofanya kazi. Nilirudi bila kitu, bila hata mbuzi wangu. Njiani nilimwona mama mkwe wangu wa zamani ameketi kando ya barabara, akingoja mwanawe aachiliwe. Nilipita bila kumwamkia.

Walimvunja mgongo. Hakufa, hakupooza, lakini tangu siku hiyo hakuweza tena kubeba wala kuingia shimoni. Ilinichukua muda kuielewa hesabu iliyo wazi kwa mtoto: mikono niliyoidai iwalishe watoto ndiyo niliyowapa watu waivunje. Alikimbilia upande wa Lubutu, na kwa miaka mingi hatukujua yuko wapi. Kama kabla ya hapo alitoa kidogo na kwa kusukumwa, baada ya hapo hakutoa kabisa. Wakati huu alikuwa na sababu ambayo hata mimi sikuweza kuikanusha.

Jambo la pili lilikuja baada ya mavuno. Waliokata kesi yangu walikuwa wamejua jina langu, mlango wangu na idadi ya wanangu. Walipopita kijijini kukusanya chakula walianza kwangu, wakisema mimi ni mtu wao. Siku moja walimtaka mwanangu wa kwanza wa kiume awabebee risasi kwa siku chache. Kila mtu wa Masisi anajua siku chache hizo huishia wapi. Nilimtorosha usiku kwa mjomba wake Goma, akapoteza mwaka wa shule, mwaka uleule niliokuwa nikiupigania. Nilikuwa nimewaingiza wenye bunduki ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na hakuna ofisi ambayo ningeweza kwenda kuwashitaki.

Jambo la tatu ndilo lisilokwisha. Watoto wangu hawakudai pesa tu kwa baba yao. Walidai ukoo. Masisi ardhi ni ngumu. Watu wameuana kwa ajili ya malisho na mashamba tangu vita vya mwaka 1993, na kijana asiye na ukoo unaosimama nyuma yake anabaki mpangaji wa maisha yote. Mwanangu alipokua, alikwenda kwa baba yake mkubwa kuomba mahali pa kujenga. Mzee alimkaribisha, akampa chakula, akamwambia, “Mwanangu, sina ugomvi nawe. Lakini mama yako alipompeleka ndugu yetu handakini, alilipa mbuzi kututoa sisi katika nyumba yenu. Shamba nitalitoa kwa nani?” Binti yangu alipochumbiwa, upande wa mume ulikuja ukakuta hakuna baba wala baba mdogo wa kupokea mahari. Kaka yangu alipokea, kwa aibu, na binti yangu aliingia ndoani akiitwa mtoto wa mama tu. Nilikuwa nimepigania primu ya miezi michache, nikapoteza kitu ambacho primu isingeweza kukinunua.

Miaka iliyofuata mwanasheria mmoja alipita kwenye mkutano wa akina mama, na ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza sheria ya nchi yangu inavyosema. Kodi ya Familia, yaani sheria ya familia, ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inasema kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba, na kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumkana mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje. Basi hata bila karatasi ya ndoa nilikuwa na mlango. Matunzo hupimwa kwa mahitaji ya mtoto na uwezo wa mzazi, kwa hiyo mapato yakibadilika kiwango kinaweza kujadiliwa upya, jambo ambalo lingetutosha kabisa machimbo yalipofungwa. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 iliunda mahakama maalumu za watoto. Na deni la kawaida halimpeleki mtu gerezani: yule niliyemkamatisha msibani alifungwa kinyume cha sheria, hata kama alikuwa anadaiwa. Nilisikiliza nikalia, na sikuwalilia watoto peke yao.

Sitasema kwamba sheria ilikuwa karibu nami. Tribinali, yaani mahakama, ilikuwa mbali, barabara ilikuwa tope na vizuizi, na bila cheti cha kuzaliwa cha mtoto unaanza kwa kuthibitisha kwamba mtoto yupo. Lakini nilitumia pesa na miguu mingi zaidi kwenye njia ya mkato kuliko ambayo ningetumia kwenye ile ndefu. Na palikuwa na njia ya kati niliyoidharau: wazee walioketi siku ya kwanza. Hukumu yao ilikuwa nzuri. Haikuandikwa, haikuwa na siku ya kukutana tena, na haikuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuifuatilia. Ningewarudia kuomba mambo hayo matatu. Badala yake niliwaona wadogo, nikatafuta aliye na nguvu.

Nilikwenda kuungama kwa wakwe zangu wa zamani. Mama mkwe alikuwa amekwisha kufariki, na salamu niliyomnyima kando ya barabara sikupata nafasi ya kuirudisha. Nilisema kila kitu mbele ya shemeji zangu, pamoja na sehemu ya hasira niliyoificha. Hawakunikumbatia. Walisema wamesikia. Baada ya muda waliwaruhusu wanangu wahudhurie misiba na sherehe za ukoo, wakawaonyesha makaburi ya babu zao. Shamba bado. Baba watoto tulizungumza naye kwa simu. Alikiri kwamba mabati ya Mubi yalinunuliwa kwa pesa ya watoto. Nami nikakiri ya handaki. Deni lake hajalimaliza, na mgongo wake haujapona, wala hatujaambiana kwamba moja limefuta lingine.

Ninayasema haya sasa kwa sababu hali imerudi ilivyokuwa, au imezidi. Januari 2025 M23 iliteka Masisi-centre, kisha Goma. Machi iliingia Walikale-centre, ikaondoka mwanzoni mwa Aprili. Benki za Goma zilifungwa, mahakama za serikali zikanyamaza, na wanaume wametawanyika machimboni, maporini na ng'ambo ya mipaka. Mwanamke aliyebaki na watoto anatazama huku na huku akimtafuta mwenye nguvu, na mwenye nguvu hakosekani katika kijiji chochote. Namwambia: usiende. Hata akikuhurumia, usiende. Atakachokitoa kwa baba wa wanao hakitafika kwenye sufuria yako, na akiisha kujua mlango wako hatausahau.

Andikisha watoto, hata kwa kuchelewa. Sheria inatoa siku 90 baada ya kuzaliwa, na aliyepitwa na siku hizo aulize njia ya hukumu ya mahakama pale ofisi zitakapofunguka. Andika kila kinachotolewa na kila kisichotolewa, na shahidi atie sahihi. Dai kitu kinachoweza kupatikana, na uombe kipelekwe moja kwa moja shuleni au kwa muuguzi ikiwa hamwaminiani. Warudie wazee na karatasi mkononi, mpange tarehe ya kukutana tena. Watoto wasikatazwe kwenda kwa bibi yao upande wa baba, hata mwezi ambao baba hakuleta kitu. Kesi ya pesa ina mwisho. Ukoo wataishi nao wao na watoto wao.

Na wewe baba uliyeko Walikale au kokote, usiyatumie maneno yangu kujitetea. Mwanamke anayekushitaki kila mahali amechoka kuongea nawe. Ukiwa nacho kidogo, tuma kidogo. Ukiwa huna, sema huna, na useme kabla ya kuulizwa. Ungenitumia neno moja la kweli kuhusu mabati yale, pengine nisingefika kwa kamanda. Nasema pengine, kwa sababu hatua za kwenda kule nilizipiga mimi.

Wanangu wamesomewa maungamo haya kabla hayajatoka mikononi mwangu, na wao ndio walioniruhusu. Watatu wamenisamehe. Yule wa pili, aliyesimama nyuma yangu siku ya msiba, amesema bado. Nimemwambia kwamba hana deni la kunisamehe, na kwamba nitaendelea kumsaidia kulitafuta shamba lake kwa baba zake, kwa mdomo wangu na mbele ya mashahidi, muda wote nitakaokuwa hai.